Anayepiga Simu Kila Asubuhi

Simu ya Musyimi ilipolia mara ya kwanza siku hiyo, Kathini alikuwa ameinamia sufuria kubwa iliyoazimwa kanisani, akigeuza muthokoi kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Kupikia watu arobaini mahindi yaliyokobolewa na maharagwe si mchezo. Hata hivyo mwiko ulisimama. Alimtazama mumewe akiitoa simu mfukoni, akiisoma namba, kisha akiirudisha.

"Ni wao?"

"Ni wao. Namba ingine mpya."

"Wacha ilie. Itachoka."

"Hao hawachokangi, mama Kanini."

Kweli hawakuwa watu wa kuchoka, na hapo ndipo ubaya wote ulipoanzia. Miaka miwili iliyopita, machimbo ya kokoto upande wa Malili yalipofungwa, Musyimi alirudi nyumbani na kofia yake ya plastiki na mikono mitupu. Akaomba kazi kila mahali. Hakuna aliyempigia, isipokuwa sauti moja ya upole, kila asubuhi saa kumi na mbili: "Ndugu, umeamkaje?" Miezi mitatu mizima haikumwomba kitu. Kisha ikamwomba afunge siku moja, halafu siku tatu. Kisha redio ikawa dhambi, hospitali ikawa dhambi, shule ikawa ya yule mnyama. Jumamosi moja alichoma uani kitambulisho, cheti cha kidato cha nne na kitabu cha kliniki cha mtoto wao Kanini, huku akiimba. Kathini aliokoa kitambulisho chake mwenyewe kwa kukificha kwa jirani yake, bibi Kaveke, ndani ya debe la unga.

Kisha Musyimi akaenda msituni kwa Nabii wao, kungoja mwisho wa dunia. Alirudi mwezi wa tano mwaka huu, siku aliyopewa rungu ampige mama mmoja aliyenaswa akimnywesha mwanawe uji. Aliliweka lile rungu chini akaondoka kwa miguu.

Leo saa kumi jioni, mashamba ya mbegu ya Kiboko yalikuwa yanafunga kuandikisha vibarua. Bila kitambulisho, au walau barua ya naibu wa chifu kwamba kinashughulikiwa, jina haliandikwi. Kathini hakuhitaji kuambiwa maana yake. Mume asiye na kazi, akikaa nyumba moja na simu ile: alishaona mwisho wake.

Chakula kilipoiva walipitia ofisini. Naibu Kilonzo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa fomu.

"Kitambulisho kilipotelea wapi?"

"Hakikupotea. Nilikichoma."

Naibu akaweka kalamu chini. "Musyimi, hii fomu iko na kupotea na kuibiwa. Kuchoma hakuna. Andika kupotea, tuendelee."

"Nimesema uongo mwaka mzima, naibu. Nilidanganya hata mama yangu. Sitaki tena."

"Kama ni kuchoma, hiyo ni kesi. Kwanza kamati ya usalama ikae juu yako. Mtu ametoka kwa hizo imani kali, mimi siwezi tu kupiga muhuri hivi hivi." Akatazama dirishani. "Lakini nikiona kajogoo, naweza kuwaharakisha."

"Kamati inakaa lini?" Kathini akauliza.

"Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Jumanne."

"Naibu, kazi inafungwa leo saa kumi."

"Mama, serikali haikimbizwi."

Wakateremka mtoni. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na mwethya, kazi ya kusaidiana, ulikuwa umeshapamba moto. Watu wote wa kijiji walikuwa wameitana kujenga bwawa la mchanga kabla ya mvua za Novemba. Walisimama mstari mmoja kutoka kilimani hadi kwenye mtaro, wakipokezana mawe. Mwethya hauna mshahara. Una chakula, una nyimbo, na nyimbo zenyewe hazimwachi mtu. Aliyeunguza ugali ataimbwa, mwalimu aliyeanguka na baiskeli ataimbwa, na pasta naye ataimbwa kwa zile suruali zake fupi.

Musyimi peke yake hakuwahi kuimbwa tangu arudi. Walimwambia pole. Walimwambia apumzike. Walimsemesha kama mgonjwa, naye alikuwa akikonda kwa ajili hiyo kuliko alivyokonda kwa kufunga. Kathini aliona na ilimuuma, maana asiyetaniwa kijijini ni mgeni au ni maiti.

Basi siku hiyo, jiwe la mia ngapi sijui, Kaveke akakohoa. Mjane wa miaka sabini na tatu, meno matano, sauti ya kuamsha kijiji.

"Musyimi alichoma cheti, ee!
Alichoma aote moto, ee!
Na ule mwezi jua liliwaka,
Baridi ya nini, Musyimi?"

Hakuna aliyeitikia. Mawe yalisimama mikononi. Musyimi alikuwa amekumbatia jiwe lake kifuani. Kisha akaimba, kwa sauti iliyokwaruza:

"Nilichoma cheti, ee!
Kilikuwa na E ya hesabu, ee!
Nabii alisema Ijumaa ndiyo mwisho,
Nami nikahesabu naye!"

Lo! Mtu mmoja aliangusha karai. Mstari mzima ulipasuka, watu wakashikana mabega, wakaitikia ee! mpaka mbuzi wa ng'ambo wakakimbia. Kathini alicheka hadi machozi yakamtoka, na hakuyafuta. Alikuwa na furaha, basi. Mume wake alikuwa amerudi leo, si mwezi wa tano.

Saa tisa na nusu naibu akafika na viatu vyake vilivyong'ara, kupiga picha za ripoti kwa simu yake. Hawakumwacha.

"Naibu ana Jumanne, ee!
Haina tarehe, ee!
Muulize jogoo wako,
Yeye ndiye anaijua!"

Naibu alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, akaendelea kupiga picha.

Musyimi akatoa simu kuangalia saa. "Saa kumi," akasema. Na simu ikamlilia papo hapo mkononi, mara ya tatu siku hiyo.

Musyimi aliitazama namba kitambo, akajifuta vumbi, akaipokea, akaweka sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Ndugu Musyimi, umeshindaje?" Sauti ilikuwa ya upole, kama ya mtu wa nyumbani. "Sisi hatujakusahau. Wamekupatia kazi?"

"Niko nayo. Nabeba mawe."

"Hayo ni mawe ya dunia, ndugu yangu."

"Ndiyo, ya dunia!" Kaveke akaidaka kutoka kule kwenye mstari. "Kuja na karai lako, hapa watu hawatoshi!"

Vicheko vikafunika yote, na simu ikakatwa. Kathini ndiye hakucheka. Aligeuka kwa naibu.

"Umesikia? Huyo amepiga mara tatu leo. Hajaruka siku hata moja tangu mwezi wa tano. Ofisi yako ilimpigia lini?"

"Jumanne..." naibu akaanza. Wimbo ulikuwa umeanza tena, mawe yakaja, na Musyimi, aliyekuwa karibu naye, akamnyooshea jiwe kubwa, zito, lenye udongo. Naibu akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaitia simu yake mfukoni, akalipokea lile jiwe.