Kibao Kilichosagwa

Manifodi ya zamani, chuma kinachokusanya moshi wa injini, ilipopasuka, gari la marehemu Chayo likaanza kukohoa, kana kwamba nalo limefiwa. Eleuterio, mumewe, hakungoja. Jumamosi iliyokuwa inakuja mjukuu wao Yadira angefanyiwa misa na sherehe ya kutimiza miaka kumi na mitano, na Chayo alikuwa ameacha neno moja tu kitandani: binti huyo apelekwe kanisani ndani ya Monte Carlo yake, si gari jingine.

Kibali cha barabara kilikuwa kimekwisha, na hakitolewi mpaka gari lipite ukaguzi wa moshi. Basi Eleuterio akanunua mabomba mapya ya ekzosi, manne kila upande. Akalala chini ya gari uani kwake, pale Fresno, akipambana na bolti za zamani. Bolti zilizoshikwa na kutu hazifunguki kwa maombi. Alizipasha moto, akazipaka mafuta, akangoja kama mtu anayengoja daktari. Hapo akakumbuka kliniki ya mtaa, ambayo wakubwa waliifunga mwaka uleule Chayo alipoanza kuumwa. Akatukana upya.

Mabomba mapya yalikuwa bado mezani rafiki yake Ledesma alipopita.

"Mazuri, compadre. Ila hiki kidude nini?"

Kilikuwa kibao cha bati kilichochomelewa kwenye bomba, kimejaa namba.

"Takataka za kiwandani."

"Na unakiacha? Bibi harusi na bei bado inaning'inia kwenye gauni! Chayo angekucheka mpaka alie."

Kwa watu wao, wapenda magari yaliyoshushwa mpaka yanalamba lami, hata mahali pasipoonekana na mtu sharti pang'ae. Eleuterio akawasha grenda. Kibao kikaondoka na cheche zake. Akapiga msasa, akayapeleka mabomba yapakwe kromu, na yaliporudi aliona meno yake humo kama kwenye kioo. Akayafunga kwenye injini, na manifodi iliyopasuka akampa mnunuzi wa chuma chakavu. Alipowasha injini, kikohozi kilikuwa kimekwisha.

Alhamisi akaenda kwa mkaguzi, bwana mmoja mhamiaji wa Kihmong aitwaye Vang.

"Moshi wako safi, mzee. Safi kuliko wa gari langu." Vang akafungua boneti, akamulika tochi, akainama, akamulika tena. "Kibao kiko wapi?"

"Kibao gani?"

"Cha namba. Ndicho kinachosema mabomba haya yanaruhusiwa."

"Nimekisaga."

"Umekisaga?"

"Kilikuwa kibaya."

Vang akafumba macho. "Mzee wangu, jamani."

"Si umesema moshi safi?"

"Nimesema."

"Sasa?"

"Sasa mashine inaniuliza namba. Nikibuni, wananifungia karakana."

"Nani?"

Vang akaonyesha dari, kana kwamba wanaishi huko juu. "Andikia kiwanda, watakutumia kingine. Mwezi hivi."

"Sherehe keshokutwa."

Vang akafunga boneti polepole, kwa viganja viwili, kama mtu anayefunika maiti.

Wanasema sheria ni msumeno. Eleuterio alijua huo msumeno mpini wake anaushika nani: watu waliopiga pasi suruali, ambao hawajawahi kulala chini ya gari wakadondokewa na kutu machoni. Lakini hasira haiwi namba. Polisi walikwisha kumwonya kuhusu kibali. Wakimkuta tena barabarani, gari litavutwa na kuzuiliwa, mbele ya mtoto na gauni lake.

Jumamosi Yadira alitoka nyumbani na gauni la buluu lililojaa mlango mzima. Baba yake alikuwa akingoja nje ya geti na gari lake jipya, injini haisikiki.

"Babu," Yadira akasema, "si nyanya alisema hili?"

"Hawataki, mwanangu."

"Kina nani?"

Eleuterio akatafuta jina la kumtajia, asilipate. Akamfungulia mlango wa Monte Carlo.

Akawasha. Injini ikanguruma laini, bila kikohozi. Wakatoka uani taratibu, matairi yakisaga kokoto, Yadira amekaa wima kama malkia. Walipofika getini Eleuterio akakanyaga breki. Mbele ya boneti lami ilianza.

"Endelea, babu. Kidogo tu."

Mguu wake ukabaki pale pale.

"Shuka, mama. Utachelewa misa."

Yadira akashuka, akikusanya gauni kwa mikono miwili, akaingia gari la baba yake. Eleuterio akabaki ameshika usukani, injini ikiunguruma, mpaka gari lile jingine lilipokata kona.