Pini Namba Saba

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, pini namba saba ilikuwa imechomwa kwenye mshipa wa fahamu unaopita kifundo cha mkono wa maiti, upande wa kidole cha mwisho. Niliiona. Swali la mtihani lililobandikwa mezani liliuliza: mshipa huu ukikatwa, vidole gani vitakufa ganzi? Jibu ni kidole cha mwisho na nusu ya kile cha jirani yake.

Mkono ule ulichambuliwa na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Wanafunzi humwita Sindano. Mimi ndiye niliyemwingiza katika maabara hii miaka minne iliyopita, nikamfundisha kuondoa mafuta bila kukata nyuzi nyembamba. Mkuu wa maabara alikuwa anastaafu, na Profesa alisema angetaja mrithi wake baada ya mtihani wa siku hiyo. Nina miaka kumi na tisa kazini.

Kila tawi la mshipa lilikuwa mahali pake, safi. Kazi yangu haijawahi kufika pale. Nimelinganisha.

"Dada, vipi, nimepita?" aliuliza kutoka mlangoni, akifunga aproni.

"Umejitahidi."

"Makubwa! Unanisifu kama mtoto wa chekechea aliyechora mbuzi." Akacheka, akaenda kuwaita wanafunzi.

Goti likigongwa kwa nyundo, mguu huruka kwa amri ya uti wa mgongo. Ubongo hupata habari baadaye. Kilichofuata hakikuwa cha aina hiyo. Amri ilitoka nusu ya kulia ya ubongo wangu, ikavuka upande kwenye shina la ubongo, ikashuka hadi mkono wa kushoto. Nilikuwa na muda wa kuizuia. Niling'oa pini, nikaichoma kwenye mshipa wa damu ulio kando, milimita tatu tu.

Saa nne kasoro robo mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono. "Profesa, huu ni mshipa wa damu. Ganzi inatoka wapi?"

Profesa aliinama na lenzi. "Sindano, nini hiki?"

"Asubuhi haikuwa hapo, Profesa."

"Kwa hiyo pini zimeota miguu?"

Wanafunzi walicheka. Mimi sikucheka.

Profesa hakuinuka. Alizipitia pini zote kumi na mbili, moja moja. Mtu akichoma pini, shina lake hulala kidogo upande wa mkono anaotumia. Kumi na moja zililala kulia. Namba saba ililala kushoto.

"Nani hapa anatumia kushoto?"

Sindano alijua. Ndiye aliyeninunulia mkasi wa watu wa kushoto, zawadi ya mshahara wake wa kwanza.

"Sijui, Profesa," alisema, bila kunitazama.

Hata uongo huo nilimwonea wivu: mimi nisingeweza kuusema kwa ajili yake. Mkasi huo ulikuwa umechomoza mfukoni mwa aproni yangu. Profesa aliutazama, kisha akanitazama mimi.

Saa nne na dakika ishirini alinitaka nitoe ufunguo wa kabati la pini. Niliuvua shingoni. Hakuupokea, alinielekeza kwa Sindano kwa kidevu. Nikampa kwa mkono wa kushoto, naye akaupokea.