Mfukuze Bawabu

Mdomo ulikuwa wangu. Nakiri mwenyewe kabla hamjaambiwa na mtu.

Shemeji yangu, mume wa dada, alipita gereji akaniuliza, "Shem, hii themostati kazi yake nini hasa?" Nilikuwa chini ya lori, oili inanidondokea sikioni. Nikamjibu kama ninavyojibu watu siku zote: "Huyo bawabu wa nchi za baridi! Sisi joto tunalo la kugawa. Mfukuze!" Tukacheka. Mimi nikasahau, yeye akaenda kutafuta spana.

Na nina stashahada ya magari, imetundikwa pale juu ya jiko la chai. Inanitazama hadi leo.

Siku chache baadaye gari la dada likaletwa kwa kamba. Dada anafundisha udereva, na gari lile ndilo darasa lake, ubao na chaki. Wanafunzi wake walikuwa na mtihani keshokutwa yake. Walikuwa kwenye mwinuko wakijifunza kuondoka bila kurudi nyuma, injini ikachemka, mvuke ukapaa, gari likazimika katikati ya barabara. Mwanafunzi analia kwenye usukani, honi nyuma zinamtukana.

Dada hakusalimia.

"Nani alimwambia mume wangu atoe kile kidude?"

Shemeji akatazama viatu vyake. "Si fundi mwenyewe..."

"Nilikuwa natania!" nikafoka. "Mtu mzima na ndevu zako! Nikikwambia ule tairi, utaniomba chumvi?"

"Ungesema unatania! Msomi si wewe? Halafu gari lilitulia, shem. Mshale wa joto haukupanda hata kidogo. Baridi kama maji ya mtungi!"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe huo! Injini inataka joto lake. Asubuhi bawabu anafunga mlango, maji yazunguke humo humo ndani mpaka yapate moto. Yakishapata, anafungua yaende kwenye rejeta yakapoe. Na huyu wenu ana milango miwili: akifungua wa rejeta, anaziba wa uchochoroni. Wewe umemtoa, uchochoro uko wazi. Mlimani, maji ya moto yamekata njia ya mkato, yakarudi injini bila kupoa!"

"Sasa hayo yote," dada akasema, "kwa nini hukumwambia siku ile?"

Nilikuwa na hasira na shemeji na lile lori.  Nikafungua silinda hedi, kichwa chenyewe cha injini.

Tangu utoto, mimi nikifungua kitu dada hunishikia tochi. Hata siku ile, na hasira zake zote, aliichukua mezani akamulika. Nikalaza rula ya chuma juu ya hedi. Mwanga ukapenya chini ya rula, mstari mwembamba kama uzi. Hedi imepinda. Fundi anayezichonga zinyooke alikuwa amefunga mpaka wiki ijayo.

"Kwa hiyo mtihani basi," dada akasema polepole.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikasema, "Ndiyo maana wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Tena kichwa cha injini!"

Nikacheka peke yangu. Dada akazima tochi, akaiweka juu ya betri.

Nikaona aibu, nikatafuta la kufanya. Nikachukua themostati mpya kabatini, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya chai, nikawasha jiko. "Njoo uone, dada. Huyu tukimrudisha, haitatokea tena."

Akaja, mikono kifuani. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kisahani cha shaba kikajiinua taratibu, mlango ukawa wazi. Nikakitoa kwa koleo. Kilipopoa kikajifunga, kik! Shemeji akasema, "Loo!"

Dada hakusema loo. Alikitazama kile chuma, akanitazama mimi.

"Kidude hakina shule, hakina diploma, kinajua wakati wa kufungua na wakati wa kufunga. Wewe mdomo wako, mdogo wangu, umewahi kujua?"

"Dada, nilikuwa..."

"Unatania. Baba alipougua ulikuwa unatania. Nilipokosa kazi ulikuwa unatania. Leo watu watatu nimewaahidi leseni, nikawaambie nini? Mdogo wangu mcheshi?"

"Mke wangu," shemeji akaanza.

"Na wewe nyamaza! Anayetumwa na mdomo wa mzaha naye ana akili gani?"

Akaenda kuketi kwenye gari lake, kile kiti cha mwanafunzi, akafunga mlango taratibu. Heri angeubamiza. Shemeji akabaki kashika kifuniko cha rejeta, akikigeuza geuza.

Nikainama kwenye injini kutoa gaskiti iliyoungua, ile pedi inayokaa chini ya hedi. Ndani mle giza, mabaki yameganda pembeni, kucha haifiki.

"Dada," nikaita, "njoo unimulikie hapa."

Kioo kilikuwa wazi. Alikuwa ananisikia.

"Dada. Nimulikie kidogo tu."