Spika za Nje

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa mama mdogo ni vidole vyake. Akishamenya ncha ya waya, alizisokota nyuzi za shaba taratibu, akaziinua kwenye mwanga kuzikagua, akazisokota tena, mpaka usibaki unywele hata mmoja uliochomoza. Ndipo alipoichomeka nyuma ya amplifaya na kukaza skrubu.

"Unywele mmoja ukigusa upande wa pili," aliniambia, "mashine imekwenda, na sisi tumekwenda nayo."

Ni mdogo wake mama. Watu walimwita Mama Besi kwa kuwa alikodisha vyombo vya muziki. Mimi nilimbebea vyombo. Mbele za watu maneno hunikwama kooni, kwa hiyo kazi ya kushika waya na kunyamaza ilinifaa.

Siku hiyo tulikuwa kwenye ukumbi wa halmashauri. Yangesomwa majina ya waliopata vizimba vya kuuzia kwenye soko jipya. Ukiitwa usipoitika, kizimba anapewa mwingine. Lakini viti vya ukumbini vilijaa wageni waalikwa. Wachuuzi wenyewe walikuwa nje juani, nyuma ya mlango uliofungwa. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Tangu sijazaliwa anauza nyanya kando ya barabara, akikimbia na beseni kila gari la mgambo linapotokea.

"Mama Besi!" mwanamke mmoja aliita kutoka dirishani. "Na sisi utupe sauti, au leo unawapigia wa kwenye feni tu?"

"Subiri, shoga. Hata nyaya sijafunga, unataka niimbe?"

Wakacheka. Afisa wa soko hakucheka.

"Dada, spika zako ni za humu ndani. Nje hakuna ratiba."

"Nje kuna watu, bwana afisa. Na pale ukutani kwa nje kuna spika za ukumbi, nzima kabisa. Naziunga tu."

"Nimesema ndani. Asiyesikia shauri yake. Wanaovitaka hivyo vizimba wapo wengi." Akatupa jicho mstari wa mbele, walikokaa watu ambao sijapata kuwaona sokoni hata siku moja.

"Sawa, bwana," mama mdogo alisema, kwa sauti ya mtu aliyekubali yaishe.

Akaendelea na kazi. Alitoa nyaya mbili kwenye miksa akazichomeka kwenye matundu ya kuingizia sauti, kulia na kushoto. Vifundo vya sauti alivishusha mpaka mwisho. Halafu akahamia upande wa kutokea, penye skrubu nyekundu na nyeusi. Kutoka kwenye nyekundu alipeleka waya kwenye spika ya ndani. Nikangoja niuone mwenzake ukirudi kwenye ile nyeusi, kama siku zote. Haukurudi. Ulitoka kwenye spika ya ndani, ukapita nyuma ya pazia, ukatokea dirishani, ukaingia kwenye spika ya ukutani kule nje, ndipo ukarudi kwenye mashine. Upande wa pili akafanya vivyo hivyo. Sasa njia ilikuwa moja, kama shanga kwenye uzi.

Amplifaya aliiwasha mwisho kabisa, akapandisha vifundo kidogo kidogo. "Helo, helo." Nje watu wakashangilia.

Afisa, aliyekuwa ameshughulika kumpokea mgeni rasmi, alikuja kugundua kwamba sauti inafika nje hotuba ikiwa imeshaanza. Akanyata hadi dirishani, akazikamata zile nyaya za nje na kuzing'oa zote kwa mkupuo.

Sauti ikakatika ukumbi mzima. Mgeni rasmi akabaki anachezesha midomo. Kabla afisa hajaziachia nyaya mkononi, mama mdogo alikuwa ameshashusha vifundo ili mashine isiungue.

"Umefanya nini wewe?" afisa alinong'ona.

"Uliyevuta ni wewe, bwana afisa. Nyaya za kuunga kila spika peke yake hazikutosha, nikapitishia sauti huko huko nje. Ukikata ya nje, na ya ndani imekatika."

"Basi funga ya ndani peke yake!"

"Naweza. Lakini naanza upya. Mheshimiwa atasubiri?"

Mheshimiwa alikohoa. "Vipi, kuna tatizo hapo?"

"Hakuna, mheshimiwa!" afisa aliitikia. Kisha, akiwa amebana meno: "Rudisha ilivyokuwa."

Alirudisha. Jasho lilimtiririka shingoni lakini alisokota shaba taratibu kama siku zote, na watu wazito wote wale walikaa wakimngoja yeye. Sijapata kuona mtu mzuri kama yeye alivyokuwa dakika zile, amepiga magoti kwenye vumbi, bisibisi mdomoni.

Majina yakasomwa. Lilipofika la mama, mtu mmoja wa mstari wa mbele akaanza kunyanyuka.

"Nipo! Jamani nipo hapa!" Sauti ya mama ilipenya dirishani bila kuhitaji spika. Yule mtu akakaa.

Ukumbi ule haukutuita tena. Afisa alieneza habari kwamba Mama Besi ni fundi wa kubahatisha, hata waya za kutosha hana, na kumbi nyingine zikatufungia milango. Mama alipokwenda kumshukuru, mama mdogo alimkatisha: "Waya zilikuwa fupi, dada. Bahati yako tu."

Mama anaamini hivyo mpaka leo, nami sijawahi kusema neno. Sasa nasema. Mama mdogo, waya zilitosha. Roli zima la waya nilikuwa nimelikalia mimi, na ni wewe uliyeniambia nisiinuke.