Baridi ya Baba Su-yeon

Asubuhi moja ya Januari, katikati ya majira ya baridi, Tak Gil-nyeo alikuwa kwenye vichanja vyake akifukuza nzi. Samaki walining'inia wawili wawili, wamefungwa midomo kwa kamba, kutoka mlangoni kwake hadi mtoni. Ili upate hwangtae, yule samaki mkavu wa kuuza, samaki lazima agande usiku ayeyuke mchana, hivyo hivyo mpaka baridi iishe, nyama iwe ya njano na laini kama pamba. Lakini baridi haikuja, na hawa hawakuwa wameganda hata mara moja. Walikuwa wanatoa maji na kunuka. Wakiharibika na hawa, itabidi auze shamba, na mnunuzi alikuwa mmoja tu: kampuni ya umeme, iliyotaka kusimamisha nguzo zake hapo.

"Uza tu, shemeji," alisema jirani yake, Eum Jong-du. "Wape na nzi, nyongeza."

"Uza mdomo wako kwanza. Huo mkubwa kuliko shamba langu."

Siku hiyo ilikuwa ya kumkumbuka mumewe, Pyo Man-bok, aliyekufa kwa mapafu baada ya kupakia makaa ya mawe miaka na miaka kwenye mtambo wa umeme kule pwani. Jioni Gil-nyeo akaandaa meza: wali, supu, pombe ya mchele, na samaki mkavu wa mwaka juzi, maana wa mwaka jana walioza. Akabandika karatasi yenye jina la marehemu, akafungua mlango. Man-bok akaingia, akavua viatu, akakaa, akala. Pombe ikaganda kikombeni.

Gil-nyeo akakitazama kile kikombe. Kwa kawaida marehemu akishashiba, karatasi ya jina lake inachomwa, naye anaondoka. Gil-nyeo akaikunja, akaisokomeza kwenye sidiria.

"Baba Su-yeon, kakae nje kidogo. Pale chini ya vichanja."

"Kidogo mpaka lini?"

"Mpaka wakauke."

"Nilipokuwa hai ulinifukuza pale. Ulisema sigara zangu zinanukisha samaki."

"Sasa si huvuti."

Kulipokucha, samaki waliokuwa juu yake walikuwa wagumu kama kuni. Kila siku Gil-nyeo akawa anasogeza kigoda cha mumewe mbele kidogo.

Jong-du akaja. "Shemeji, niazime mzee siku mbili."

"Kwani wewe huna wako?"

"Baba? Yule akija ataniuliza habari za ng'ombe wake niliyemuuza."

Mwishowe akamwita, na kweli akaulizwa habari za ng'ombe, asubuhi na jioni. Wengine nao wakawaita wa kwao. Mteremko mzima ukawa na wafu kwenye vigoda, wakilalamika migongo. Samaki wakaganda vizuri.

Man-bok akaanza kukonda. Ukikaa upande wa pili ulikuwa unauona mto kupitia kifua chake.

"Mama Su-yeon, nachoka. Baridi ikinitoka yote, sijui kitabaki nini."

"Vumilia."

"Nilivumilia kule kwenye makaa."

Gil-nyeo akashika kifua chake pale ilipokuwa karatasi. Kisha akaenda kugeuza samaki.

Afisa wa wilaya akaja na gari lake, kiyoyozi kinaunguruma. Akapita chini ya vichanja, akalazimika kuvaa koti. Akafurahi sana.

"Mnaona sasa? Wenzenu wanapiga kelele joto, joto. Nyie mmejipanga." Akasema tanuri jipya la mtambo lilicheleweshwa kwa sababu ya malalamiko ya wakausha samaki kwamba makaa yanaleta joto, na kwa anavyoona, malalamiko yamekwisha. Akauliza kitu kimoja tu: wafu wanatosha?

"Mimi ninaye mmoja," alisema Jong-du. "Mama hataki kukaa karibu na baba."

"Mbembelezeni."

Tanuri likawashwa mwezi wa pili. Moshi ulionekana nyuma ya kilima, upande wa pwani, mweupe, umenyooka. Mchana jua likawa kali, wafu wakaanza kutoka jasho. Wakawa wanaangaliana.

Gil-nyeo akaingia ndani, akatoka na kofia pana ya majani, ile anayopalilia nayo pilipili kiangazi. Akamvika mumewe, akamfunga kamba chini ya kidevu. Kamba ilikuwa inapita hewani tu, akaifunga tena, taratibu, mpaka ikashika.

"Inabana?"

"Hapana."

"Basi nyanyuka," alisema, akachukua kigoda. "Bado upande wa mtoni."