Maneno Niliyoyasema Msibani kwa Swalehe

Swalehe alipofiwa na mama yake alilia mpaka akaacha kula. Ukoo wetu na ukoo wake ni watani tangu babu zetu, kwa hiyo kazi ya kumrudisha duniani ilikuwa yangu. Nikavaa koti lake juu ya khanga, nikakaa kwenye mkeka wa wafiwa, nikapaza sauti, "Mwenye msiba ni mimi. Huyu anayelia ni mgeni wa Ruangwa, amefuata ubwabwa. Mpeni sahani aondoke."

Watu wakacheka. Swalehe naye akacheka na machozi yakimtoka, kisha akaomba uji. Nikamshukuru Mungu.

Ruangwa kuna wakwe zake, na wakati wa ufuta hulala huko. Kwake ni hapa hapa kijijini, upande huu wa Nachingwea.

Ulipofika uchaguzi, Swalehe akagombea uenyekiti wa kijiji. Mpinzani wake Habibu akaweka pingamizi kwamba Swalehe si mkazi, na ushahidi wake ulikuwa maneno yangu. Eti Bi Rabia, mjane anayeheshimika, aliyasema mbele ya watu. Msimamizi wa uchaguzi, kijana aliyetoka mbali, akalikata jina la Swalehe.

Swalehe akakata rufaa. Chama chake nacho, kwa kuogopa kukosa mgombea, kikaomba niingie mimi mahali pake. Habibu akapinga na hilo. Alisema kanuni inaruhusu kumbadilisha mgombea aliyekufa, siyo aliyeenguliwa.

Swalehe akaja uani kwangu. "Umesikia, bibi wewe? Ili ukalie kiti, sharti nife."

"Basi fanya haraka," nikamwambia. "Kampeni zinaanza."

Lakini sikatai, kiti nilikipenda. Wanawake wa kwetu walifurahi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria yale ya zahanati nitakayoyasema kwenye mkutano. Darasa langu la saba linatosha kuendesha kikao.

Siku kamati ya rufaa ilipokaa Nachingwea mjini, katibu wa chama, Titus, alinivuta pembeni kwenye baraza.

"Mama, wakikuuliza kama ulisema, jibu ndiyo, halafu nyamaza. Habari za utani waachie wazee. Swalehe akianguka, wewe tutakupigania kwa sheria, na utashinda."

"Na Swalehe?"

"Ataelewa."

Nikamtazama Swalehe. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia mkononi, haongei na mtu. Mtu aliyezaliwa kijijini, mama yake amezikwa kijijini, anangoja kuambiwa na watu wa mjini kama ni mgeni. Hata mzaha hakunifanyia asubuhi hiyo, nami nikajua ameumia.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mtaratibu, akanisomea maneno yangu. "Uliyasema haya?"

"Niliyasema."

Titus akakohoa kidogo. Nikaona anataka niishie hapo.

"Swalehe anaishi wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Nyuma ya nyumba yangu. Kila alfajiri namsikia akitia udhu, anapiga chafya kama mbuzi."

"Sasa kwa nini ulisema ni mgeni?"

"Mimi ni mtani wake, mama. Amefiwa, hali chakula. Ningemwambia pole, angezidi kulia."

"Unajua kwamba jina lake likirudi, lako halina nafasi?"

"Najua. Lakini nikifa mimi, yeye ndiye wa kuvaa khanga yangu na kunisema vibaya mpaka wanangu wacheke. Mkimfanya mgeni, nani atanifanyia?"

Yule mama akamgeukia Habibu. "Ulikuwepo msibani?"

"Nilikuwepo."

"Aliposema hivyo ulifanya nini?"

Habibu akainamisha kichwa. Ni mtu wa swala, uongo ulimshinda. "Nilicheka," akasema.

Walitutoa nje, wakatuita tena. Jina la Swalehe likarudishwa. Lile ombi la kuniweka mimi likafungwa hapo hapo. Titus aliondoka bila kuniaga, na moyo wangu, Mungu anajua, ulisinyaa kidogo.

Swalehe alinipokea kikapu, tukaenda pamoja mpaka msikiti wa karibu na soko. Alasiri ilikuwa imeingia, nikapita upande wa wanawake. Yeye alimaliza mapema. Nikiwa bado nimekaa nimeinua mikono, nikamsikia nje, sauti imemrudia, akimwambia dereva wa bodaboda, "Namngoja bibi mmoja humo ndani. Anakawia kwa sababu anamwomba Mungu anichukue, apate kiti changu."

Nilikuwa namwombea umri mrefu. Nikaongeza na kura.