Ugali Mtupu

Molefi alifia mgodini, upande wa Afrika Kusini, mwamba ulipomwangukia, akarudishwa kwao milimani Lesotho katika jeneza lililopigwa misumari. Mama yake, 'Me 'Maseabata, yaani Mama wa Seabata, hakuruhusiwa kuuona uso wa mwanawe. Alizika sanduku. Tangu siku hiyo kila chakula kikamtia kichefuchefu. Maharagwe alisema yananuka udongo, maziwa aliyasukuma kando, nyama hakutaka hata itajwe. Alichokubali ni matonge mawili matatu ya ugali, akishushia na maji.

Aliyempikia ni 'Mapuleng, mke wa mwanawe mkubwa, Seabata. Seabata mwenyewe alikuwa hukohuko migodini, huja nyumbani Krismasi tu, kwa hiyo walibaki wanawake wawili na mtoto Puleng, wa miaka minne. Miezi miwili ya kwanza 'Mapuleng alibembeleza.

"'Me, onja maharagwe kidogo basi. Nimeyaunga kwa kitunguu."

"Kula wewe, mwenzangu uliye na hamu."

Kisha mama yule akaanza kubadilika. Usingizi ulimkimbia. Alisahau alikoweka blanketi lake, akalitafuta kwa hasira huku amejifunika. Alihesabu mahindi ghalani na kudai yameibwa. 'Mapuleng alivumilia, akasema ni msiba. Lakini asubuhi moja kisimani, mbele ya wanawake wa kijiji kizima, mama mkwe alimnyooshea kidole.

"Mtazameni anavyonawiri. Mimi nakauka, yeye anang'aa. Mwanangu kaliwa na huyu."

Wanawake walijishughulisha na ndoo zao, na kule kunyamaza ndiko kulikomchoma 'Mapuleng kuliko maneno yenyewe. Alijitwika maji akapanda kilima bila kuangalia nyuma.

Jioni ile alipika maharagwe, akala na Puleng. Mama mkwe alipelekewa ugali mtupu. Si angeyatupa tu, 'Mapuleng alijiambia. Kwa siku zilizopita ilikuwa kweli. Kwa siku ile hakujua, kwa kuwa hakumuuliza, na kesho yake hakumuuliza tena.

Wiki ya tatu 'Me 'Maseabata alikuja mwenyewe hadi mlango wa jiko, akasimama ameshika kizingiti, pua imeinuka.

"Mnapika nini?"

"Maji ya kufulia, 'Me."

Mama yule aliinamisha kichwa polepole, kama mtoto aliyeambiwa jambo asiloweza kulipinga, akarudi nyumbani kwake. 'Mapuleng alikoroga sufuria. Aliona utamu moyoni, utamu mdogo wa mtu aliyelipiza, na hakuukemea.

Majira ya baridi yalipoisha, jua likawa kali, na ngozi ya mama mkwe ikageuka. Shingoni palizuka weusi mkavu uliomzunguka kama kola. Migongo ya mikono ikapasuka kama imeunguzwa na moto. Tumbo likamwendesha. Akazungumza na ukuta. Siku moja alimkodolea macho Puleng, akauliza mtoto huyu ni wa nani.

Jirani yao, 'Me Nthati, alikuja kuangalia, akabana midomo. "Ama karogwa, ama anaroga yeye. Mimi ningemfungia."

'Mapuleng akamfungia. Alipokwenda shambani alipitisha kijiti kwenye komeo la mlango, akakitoa aliporudi. Siku ya sita alimkuta amelala sakafuni katika uchafu wake, mwepesi mno alipomwinua. Alimwosha. Maji ya uvuguvugu yalipogusa mikono, mama yule alilia kwa sauti nyembamba. Ndipo hofu ilipomshika 'Mapuleng. Aliazima farasi wa 'Me Nthati, akampandisha mgonjwa, akatembea kando yake akimshikilia mpaka kliniki.

Muuguzi aliitwa Khauhelo, mwanamke mfupi asiye na haraka. Aliitazama ile shingo, akaigeuza mikono, kisha akauliza, "Anakula nini?"

"Tunachokula sisi."

Khauhelo aliushika mkono wa 'Mapuleng, akauweka kando ya ule wa mama mkwe. Mmoja laini, mmoja umechanika.

"Nakuuliza tena, dada."

"Ugali," 'Mapuleng alisema. "Ugali mtupu."

"Muda gani?"

"Tangu msiba."

"Huu ugonjwa unaitwa pelagra. Mwili ukikosa kilichomo kwenye nyama, maharagwe na maziwa, ngozi hufa, tumbo huharibika, na akili nayo hutoka mahali pake. Watu wengi wamefungwa kamba wakidhaniwa wazimu, kumbe kilichokosekana ni chakula sahanini." Alihesabu vidonge akivitia katika bahasha. "Najua huzuni ndiyo iliyomfunga mdomo kwanza. Kisha njaa ikamvuruga kichwa, na mtu aliyevurugika hakuna anayekaa naye ale. Ndivyo inavyozunguka. Mpe hivi, na umlishe. Na ukae naye anapokula."

'Mapuleng alikaa. Alimlisha kwa kijiko, maharagwe yaliyopondwa kwanza, kisha maziwa ya mgando. Kila kijiko alichokipokea mama mkwe bila kukataa kilimhukumu. Kumbe angekula. Pengine angekula zamani.

Siku ya tano 'Me 'Maseabata alimwita Puleng kwa jina. Wiki ya tatu aliuliza liko wapi blanketi la Molefi. Alipopewa alijifunika uso nalo, akalia kutwa. 'Mapuleng alidhani wazimu umerudi. Haukuwa wazimu. Ilikuwa ni mama anayemlilia mwanawe, na kwa hilo Khauhelo hakuwa na kidonge.

Siku moja walipokuwa wakipukuchua maharagwe uani, 'Mapuleng alishindwa kuvumilia.

"'Me, siku ile sikuwa nachemsha maji ya kufulia."

"Nilisikia harufu," mama mkwe alijibu, mikono haikusimama. "Nilisahau hata jina langu, lakini harufu ile niliijua. Nikasema, basi hawanitaki."

"Nilikosa. Uliniumiza kule kisimani."

"Yale ya kisimani siyakumbuki, nimeambiwa tu. Nakuomba radhi kwa hayo." Alipeperusha maganda. "Sahani nilizozisukuma ni zangu. Zile usizoniletea ni zako. Usinitwishe zako nikubebee, mwanangu. Bado nina Molefi wa kubeba."

Krismasi Seabata alirudi. Aliwatazama wawili hao, akaona makovu mikononi mwa mama yake, akauliza kumetokea nini.

"Niliugua, nikapona," mama alisema. "Mengine muulize mkeo."

Alitoka, akamchukua Puleng wakaenda kutazama kondoo.

'Mapuleng alimweleza mumewe yote: maharagwe, komeo, na ule utamu wa moyoni, ambao hakuna mwingine aliyeujua na angeweza kuuficha. Seabata alisikiliza akiwa ameshika kofia. Hakumpiga, hakumfokea. Aliuliza jambo moja tu.

"Kama mikono isingepasuka, ungempeleka?"

Mpaka Seabata anapanda tena basi la migodini mwezi wa kwanza, 'Mapuleng hakuwa amempa jibu.